Mwanamke wa Kioo Shingoni

Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Lakini fundi miwani alipoolewa na baba wa Chiriku na kuhamia katika nyumba ile ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, alikuta msichana wa miaka kumi na mitatu aliyetulia kama maji ya mtungini. Adabu alikuwa nayo tele. Asubuhi aliamkia, akatandika kitanda chake, akavaa sare za shule na kuondoka. Ila hakuwahi kumwita mke wa baba yake kwa jina lolote, si mama, si mama mdogo, si chochote. Akiwa na shida alisubiri mpaka watazamane, ndipo aanze na "samahani".

Fundi miwani hakulilalamikia hilo. Mtoto alikuwa amefiwa na mama, na hakuna anayebadilisha mama kama anavyobadilisha viatu. Aliamua kumpa muda. Kilichokuja kumwondolea amani ni chai.

Kila asubuhi aliichemsha mwenyewe, maziwa mengi kuliko maji, kama alivyochemshiwa yeye na mama yake enzi za utoto, akamjazia Chiriku kikombe mpaka ukingoni. Kwao maziwa mengi yalikuwa namna ya kumwambia mtu anapendwa. Siku moja alisahau funguo, akarudi ndani kimyakimya, akamwona mtoto kasimama mbele ya sinki. Alikisogeza kikombe puani, akanusa, akakunja uso. Kisha akamimina chai yote taratibu kwenye tundu la sinki, akafungulia maji mpaka weupe wote ukaondoka.

Fundi miwani alichukua funguo zake akaondoka. Njia nzima alijiuliza mtu mwenye akili timamu hunusa chai ya nyumbani kwake akitafuta nini. Kesho yake alijibanza kwenye korido akachungulia, na mambo yakawa yaleyale. Kunusa, kumimina, kusuuza.

Ni wiki hiyohiyo alipokiona kitabu.

Kililetwa na mama mkubwa wa Chiriku, dada wa marehemu. Alikuwa mkunga, mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye siku ya harusi alimpa fundi miwani mkono huku akimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni kana kwamba anampima kilo. Jumamosi alikuja kumchukua mtoto, wakatoka wawili, na mtoto akarudi na kitabu kinene kama tofali: vitabu vitatu vya hadithi moja, vilivyounganishwa ndani ya jalada moja. Kabla ya jua kuzama Chiriku alikuwa amekivalisha karatasi ya kalenda ya zamani, hata jina halikuonekana. Alilala nacho chini ya mto. Fundi miwani akiingia chumbani, mtoto alikifunga, kidole kikibaki ndani, akasubiri mgeni atoke.

Machale yalimcheza. Asubuhi ya Jumatatu, baba na mtoto walipokwisha kuondoka, alikuwa bado na muda kabla ya kwenda kazini. Akaingia chumbani kwa Chiriku, akakitoa kitabu chini ya mto, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alijiapiza kwamba anatazama ukurasa wa kwanza tu.

Hadithi ilihusu mji uliojengwa juu ya jabali, wenye milango mingi, na msichana, binti wa mlinzi wa lango kuu, aliyezaliwa na sikio la ajabu. Milango ilizungumza naye. Kila mlango ulimwambia ni nani kapita na kapita na nia gani. Mama yake alikuwa amekufa. Baba yake akaoa mwanamke mganga kutoka ng'ambo ya milima, mpole, mwenye mikono laini na sauti ya chini. Shingoni mganga huyo alivaa kamba yenye kioo cha mviringo, akachungulia wagonjwa kwa kioo hicho. Na kila alfajiri alimwandalia binti wa kambo kikombe cha kinywaji cha moto, na ndani ya kikombe akatia tone la dawa iliyoziba sikio lile kidogo kidogo, mpaka milango yote ikanyamaza.

Fundi miwani aliinua mkono kifuani. Kioo chake cha kukuzia, kile anachotumia kukagua mikwaruzo kwenye lenzi, kilikuwa kinaning'inia palepale kwenye kamba yake nyeusi. Hakukivua hata akirudi nyumbani, kwa kuwa alizoea.

Alikirudisha kitabu chini ya mto, akalainisha shuka alipokaa, akatoka. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake. Mkunga hakuleta zawadi. Mkunga alileta mashtaka, tena akayapitisha mikononi mwa mtoto ili yeye mwenyewe abaki msafi.

Alipomgusia mumewe, yule alikuwa anavua buti za kazi. Alikuwa fundi wa lifti, na siku hiyo alishinda ndani ya shimo la jengo refu. Alicheka. "Hicho si kitabu cha watoto? Wachawi na mapanga." Fundi miwani akamjibu kwamba ndiyo, cha watoto, akamwekea chakula. Lakini kicheko kile hakikumkaa vizuri. Kilikuja upesi mno. Huenda naye alikuwa analijua jambo hilo, huenda aliwahi kukaa na shemeji yake huyo wakamjadili. Usiku mzima fundi miwani alimsikiliza mumewe anavyokoroma, akashindwa kuamua kama ni mkoromo wa mtu asiye na hatia.

Kazini alizungumza na mpima macho, ambaye ndiye mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo. Hakumwambia kwamba ni nyumbani kwake. Alisema ni jirani. Mpima macho aliendelea kufuta vioo vya maonyesho, akasema kitabu kinene namna hiyo mtoto hajichagulii, lazima kuna mkubwa kamchagulia, na mkubwa akichagua ana lake jambo. Hayo yalimtosha fundi miwani. Aliinama kwenye mashine ya kusaga lenzi, maji yakimrukia vidoleni, akasaga huku akimwaza mkunga. Mchana ule mwalimu mmoja alirudi na miwani yake mpya akilalamika kwamba ardhi inampandia miguuni. Lenzi ya kulia ilikuwa imewekwa kushoto.

Angeweza kuishia hapo, kwa kuwa alichotaka kukijua alikwisha kukijua. Lakini asubuhi iliyofuata alirudi chini ya mto, na iliyofuata tena. Alijiambia anakusanya ushahidi. Ukweli ni kwamba tangu aache shule hakuwahi kusoma hadithi ndefu, na sasa alikuwa hawezi kukaa bila kujua binti wa mlinzi wa lango amejificha wapi. Kitabu cha pili kilimtesa. Mganga alifungua lango kuu, maadui wakaingia, baba akafungwa minyororo na mke wake mwenyewe akishika taa. Fundi miwani alimtukana mganga kwa sauti, peke yake, ndani ya chumba cha mtoto. Kisha akakumbuka kwamba mwanamke anayemtukana anasemekana kuwa yeye.

Nyumbani hewa ilizidi kuwa nzito. Chiriku alianza kufunga mlango wa chumba chake. Mezani alimtazama mama wa kambo vidoleni, si usoni, kama mtu anayetafuta doa. Jioni moja fundi miwani alipopita koridoni alimwona mtoto amepiga magoti kando ya kitanda, anachunguza mto wake bila kuugusa. Wote wawili walijifanya hawakuonana. Tangu siku hiyo fundi miwani alivua kioo chake mlangoni kila aliporudi, akakitia mkobani, na akajichukia kwa kukitia mkobani kama mtu aliyeiba.

Jumapili mkunga alikuja kuwaona. Fundi miwani alikuwa amejiandaa. Alimkaribisha kwenye kiti kizuri, akauliza habari za kazini na za miguu, maana mkunga alisumbuliwa na miguu. Baba Chiriku alikuwa ameitwa kazini, kuna watu wamekwama kwenye lifti. Mtoto alikaa pembeni ya mama yake mkubwa, kitabu mapajani. Fundi miwani akaleta chai, akamimina vikombe vitatu, akakaa.

"Dada," alisema, "kitabu ulichomletea mwanetu ulikichagua kwa makini sana."

Mkunga alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. "Nilichagua mimi? Mdogo wangu, mimi pale dukani niliomba stuli nikakaa mlangoni, miguu inaniwaka moto. Nilimwambia akatafute anachotaka. Akazunguka mpaka nikasinzia." Aligeuka kumtazama Chiriku. "Kina nini kwani? Kina matusi?"

"Hakina matusi," alisema Chiriku.

Fundi miwani alitafuta uongo usoni mwa mkunga na hakuuona. Hakuridhika. Alifikiri labda mwanamke huyu ni hodari wa kuficha, na alikuwa anatafuta swali lingine la kumbana, mkunga alipoinama mezani, akatazama kikombe kilichokuwa mbele ya mtoto.

"Siku hizi unakunywa maziwa?" alimwuliza Chiriku.

Mtoto alikisogeza kikombe mbali kidogo. Mkunga akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba maziwa yalimsumbua tumbo tangu hajaanza kutembea, akinywa anavimba na kulia, na kwamba mama yake hakuwahi hata kuyatia kwenye uji. Kila mtu anajua, alisema. Akachukua kikombe kile akakinywa yeye.

Kila mtu anajua. Fundi miwani alihisi uso unamchemka. Alitoa maneno ya adabu, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, wakaagana. Njiani kurudi alijiuliza kwa nini basi hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kumwambia. Mume ndiye aliyemlea mtoto huyu. Alikunywa chai na mwanawe miaka yote na hakuwahi kutazama rangi ya chai ya mwanawe. Na mkunga je, alisahau, au alisubiri kuona mgeni atateleza lini? Hilo hakuweza kulijibu.

Alibisha hodi mlangoni kwa Chiriku, akaingia, akabaki amesimama.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu maziwa?"

Chiriku alikuwa ameketi kitandani.  Alisema alidhani baba amekwisha kumwambia. Halafu alipoona maziwa yanaendelea kila siku, alidhani ameambiwa na bado anayatia.

"Nikutilie makusudi?"

"Sikujua. Ndiyo maana nikawa nanusa. Siku nyingine harufu ni kidogo, naweza kunywa nusu." Akafungua kitabu, akakigeuza ili fundi miwani aone. Pembeni mwa kurasa, juu kulia, kulikuwa na alama za vidole, kijivu chepesi, ukurasa baada ya ukurasa. Ni vumbi la lenzi, lile linaloingia kwenye ngozi na kukataa kutoka kwa sabuni ya kawaida. "Na hizi ni zako. Nilifikiri unatafuta barua. Nilifikiri unadhani mama mkubwa ananiandikia barua juu yako."

Fundi miwani alitazama vidole vyake. Aibu ilimshika, lakini pamoja na aibu alitamani kucheka, maana wawili hao walikuwa wamechunguzana wiki nzima kama maaskari wa pande mbili za mpaka. Aliketi. Alimweleza yote, chai, kitabu, kioo, mpaka lenzi za mwalimu. Alisema alidhani kitabu kimeletwa ili mtoto amwogope.

Chiriku alimsikiliza akiwa amekunja paji la uso. "Lakini yule ni mganga," alisema mwishowe. "Wewe unatengeneza miwani."

"Ana kioo shingoni."

"Cha kwake ni cha uchawi." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemfafanulia mtoto mdogo. "Umefika wapi?"

Alikuwa ameanza kitabu cha tatu, pale msichana anapojificha chini ya daraja. Fundi miwani akauliza swali lililomkaa kooni siku zote hizo, akijifanya haliulizi kwa sababu yoyote. Alitaka kujua kama mwanamke yule hubadilika.

Chiriku alifikiri. Alikuwa amekwisha kumaliza chote, na sasa alikuwa anakirudia. "Habadiliki," alisema. "Ni mbaya mpaka mwisho. Ila anakufa vizuri."

Jioni fundi miwani alimweka mumewe kitako. Maneno yaliyosemwa hayakuwa mengi na hayakuwa matamu, na fundi wa lifti hakucheka tena. Kuanzia kesho yake zilichemshwa chai mbili. Chiriku hakugeuka kuwa msemaji, na aliendelea na "samahani" yake. Kwa mkunga, fundi miwani alibaki na kijiswali kidogo moyoni. Kila walipoamkiana alimtazama sekunde moja zaidi ya inavyohitajika, na mkunga naye akafanya vivyo hivyo.

Kitabu kilihama kutoka chini ya mto. Fundi miwani alikisoma mezani mchana wa Jumamosi, waziwazi, karatasi ya kalenda ikiwa imevuliwa kwa kuwa jalada halikuwa na la kuficha. Zilibaki kurasa chache mganga apande ngazi za mnara anakofia. Chiriku alivuta kiti, akaketi mbele yake, akausahau mkate mkononi, akawa anamtazama usoni ili amwone atakapofika pale.