Wakulima Kumi na Wawili Nje ya Mstari

Yusta alikuwa anamalizia shahada ya pili ya uchumi Iringa, na kanuni yake ilikuwa nzuri. Ukiipa tarehe ya mvua ya kwanza, inakuambia siku ambayo mkulima wa viazi anayejali faida atapanda. Kwenye grafu, wakulima wengi wa milima ya Mbeya walikaa karibu na mstari wa kanuni hiyo. Kumi na wawili walichelewa mno.

“Waondoe,” alisema Dokta Filemoni, msimamizi wake. “Kila utafiti una watu wa namna hiyo.”

Lakini wote kumi na wawili walitoka kijiji kimoja, na hilo lilimkera Yusta. Jumatatu akapanda basi la Mbeya, akalala kwa shangazi yake, mtaa wa Mwanjelwa mjini, kesho yake akaenda kijijini.

Alimkuta Tupokigwe, mama wa makamo, mmoja wa wale kumi na wawili, akipalilia na wenzake saba. Akaomba jembe, akapalilia nao. Walipopumzika, akauliza, “Mama, mwaka jana ulipanda wiki tatu baada ya mvua. Mbegu zilichelewa?”

“Mbegu zilikuwepo. Zamu yangu ndiyo ilikuwa ya mwisho.”

“Zamu ya nini?”

“Tunalimiana, mwanangu. Mwaka jana tulianza kwa Faustina huyu. Mwaka huu tumeanza kwangu.”

Yusta alilikumbuka jina la Faustina. Kwenye grafu alikaa mstarini kabisa, mfano bora wa kanuni. Kumbe naye hakuichagua siku.

“Ungepanda peke yako mapema?”

Tupokigwe aliwatazama wenzake. “Peke yangu ningepanda robo ya shamba. Na nikiugua, nani ananipalilia?”

Aliporudi Iringa, Yusta aliiandika kanuni upya, mwamuzi akiwa kikundi badala ya mtu mmoja. Kati ya nukta zile kumi na mbili, kumi zilisogea karibu na mstari. Mbili zilibaki mbali.

Dokta Filemoni aliisoma kazi ile yote. “Nimefundisha haya miaka kumi na tisa,” alisema mwishowe. “Kwamba kila mtu anaamua peke yake, sikuwahi hata kuliandika ubaoni. Niliona ni hesabu tu.”

“Ni dhana yetu juu ya watu, Dokta. Hesabu imeikuta tayari ipo.”

“Basi iandike ukurasa wa kwanza, kila msomaji aione.” Akavuta daftari lake. “Na Alhamisi njoo uwaeleze wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi nitakaa nyuma.”