Tengeneza Diski ya Video

Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilibaki sahihi tu, na Mkurugenzi alikuwa ameisogeza hadi ukingoni mwa meza, kalamu juu yake, ili Fundi asipate kisingizio.

"Nakiri kwamba nilifuta diski ya video kwa uzembe wangu." Fundi aliisoma mara mbili, akacheka kicheko kisicho na furaha hata chembe.

"Sisaini uongo, bosi."

Kilichopotea hakikuwa cha kuchezea. Ni kamusi ya lugha ya alama: miaka kumi na mmoja ya video, viziwi wakionyesha kwa mikono kila neno wanalolijua, toka "maji" hadi "mjukuu". Nusu yao wameshafariki. Mama yake Fundi, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa ameonyesha maneno mia saba peke yake, na siku hiyo alikuja studio kurekodi mengine. Asubuhi folda likafunguliwa, halina kitu. Sasa mama amekaa dirishani, macho kwenye midomo ya watu.

Mkurugenzi akashusha sauti, kana kwamba kiziwi atamsikia. "Usimtafsirie mama haya. Tuyamalize sisi wawili."

Fundi akainua mikono, akatafsiri yote, pamoja na hilo la usimtafsirie. Mama akavuta kiti, akaja kukaa katikati yao.

Diski yenyewe haikuwa ya kushikika. Ilikuwa ya wingu, imekaa kwenye mitambo ya mbali huko, na ukitaka nyingine unamwandikia tu wakala wa akili bandia, programu inayotekeleza amri yenyewe. Ofisi nzima ilimwita Bwana Tayari, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mkurugenzi alimpenda kupita kiasi. Mtumishi asiyebisha, nani asiyemtaka?

"Tumuulize Bwana Tayari," Fundi alisema.

"Mashine inajua nini?"

"Inajua nani aliiambia nini."

Akaandika: Nionyeshe amri zote za diski tangu Ijumaa. Jibu likaja kufumba na kufumbua:

Ijumaa, saa tisa alasiri. Aliyeagiza: Mkurugenzi. Amri: "Tengeneza diski ya video, ikae palepale." Nimetengeneza diski mpya ya terabaiti mbili. Nimechomoa ya zamani na kuchomeka mpya mahali pake. Tayari.

Mkurugenzi alivua miwani, akaivaa tena. "Nilimwambia atengeneze! Video zilikuwa zinakwama. Ukimpelekea fundi redio ukamwambia tengeneza, anakupa redio mpya?"

"Na ukimwambia seremala tengeneza kiti, si anakupa kiti kipya? Neno lina milango miwili, bosi. Umemwonyesha yote miwili, akaingia mmoja. Halafu asubuhi nzima unanipaka matope mimi."

Mikono ya Fundi haikupumzika. Kila neno lilimfikia mama. Chini kabisa kwenye kioo cha kompyuta, Bwana Tayari alikuwa ameongeza mstari: Diski ya zamani ipo, ila hakuna mashine inayoitumia. Niifute? Ndiyo. Hapana.

Mkurugenzi akanyoosha mkono kwenye kipanya. "Haitumiki, ni takataka hiyo. Kesho tuna wageni. Tuanze upya."

Hapo ndipo alipojianika mwenyewe. Diski ingefutwa kweli, barua nayo ingeonekana ya kweli. Fundi alikifunika kipanya kwa kiganja.

"Ondoa mkono. Mkubwa hapa ni mimi."

"Ni wewe, sikatai. Lakini humo kuna marehemu ambao watoto wao hawana picha nyingine. Nifukuze leo, nifukuze sasa hivi. Hiyo Ndiyo huigusi."

Akabonyeza Hapana. Akaandika taratibu: Chomoa diski mpya. Rudisha ya zamani mahali pake. Usifute chochote.

Tayari.

Folda likajaa. Video ya kwanza ilipofunguka, mama alijiona mwenyewe, nywele bado nyeusi, akionyesha neno "dada". Alipiga makofi kama mtoto. Fundi alilia, wala hakujificha.

Mkurugenzi akakohoa. "Basi, yaishe. Ila hiyo orodha ya amri, iondoe."

"Haiondoki. Na kuanzia leo, ukitaka kipya, andika 'unda'. Ukitaka kilichoharibika kipone, andika 'rekebisha'. Na ukikosea, sema 'nimekosea'. Hilo la tatu Bwana Tayari hawezi kukusaidia. Utalisema kwa mdomo wako, mbele ya mama yangu."

Kisha akamgeukia mama, akainua mikono yote miwili kifuani, akaiacha hapo hewani, akisubiri neno la kutafsiri.