Shahidi wa Jamaldin

Kitanda cha kamba kilikataa kupita mlango wa mahakama, basi Bi Nana akalazwa barazani, palepale juani. Mahfudha alimkinga mavyaa wake uso kwa leso. Mumewe, Jamaldin, alikuwa katika mwezi wa pili rumande.

Gunia la kahawa lilikuwa limepotea ghalani Mbaraki, na washona magunia wawili, Jamaldin na Oloo, wakashikwa pamoja kwa shitaka moja. Oloo alipewa dhamana siku ya tatu, na ilikuwa haki yake. Jamaldin alijiponza mwenyewe. Polisi alimuuliza kabila, naye, kama alivyofundishwa na babake tangu utotoni, akasimama wima akaisoma nasaba, baba kwa baba, mpaka kwa babu wa saba aliyetoka Shihiri, Arabuni. Aliona ndiyo heshima. Karani wa polisi akaandika neno moja: mgeni. Cheti cha uraia hana. Foleni ya mwaka wa sitini na tano aliipita akicheka, kwani ajiandikishe nini mtu aliyezaliwa Mji wa Kale? Hakimu alisema mgeni hutoroka. Atorokee wapi, mtu ambaye hata Voi hajafika?

Mahfudha aliambiwa alete shahidi wa kuzaliwa kwa mumewe. Mkunga alikwisha kufa. Alibaki Bi Nana, aliyepooza upande mmoja, ndipo Oloo akatafuta wenzake watatu wa Majengo wakambeba.

Karani wa mahakama alitoka na faili, akainama, akamuuliza mkongwe kama anamjua mshtakiwa.

"Nimemzaa mimi," alisema Bi Nana kwa taabu. "Chumba kile kile n'lichozaliwa mimi."

Karani aliandika. Mahfudha akashusha pumzi.

"Vyema, mama. Na cheti chako cha uraia?"

Bi Nana hakuelewa. Mahfudha akajibu kwa niaba yake kwamba hana, lakini kazaliwa hapa, na mamake pia.

"Shahidi naye lazima ajulikane," karani alisema, wala hakusema kwa ubaya. Akafunua ukurasa mpya. "Kabila, mama?"

Kwa mkono wake mmoja mzima Bi Nana aliutengeneza mtandio, kama mtu aliyeulizwa jambo la heshima.

"Mimi ni Nana binti Gharib," alianza, "bin Abud, bin..."

Mahfudha alimziba mavyaa wake mdomo kwa kiganja, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu maishani. Kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika.