Mzazi wa Kumsindikiza Natalia

Otilia alilipokea jibu la ubalozi akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya parokia, kanga ameibana kwapani. Padri Anselm hakuzunguka. Natalia amepewa viza ya kwenda Ujerumani kupasuliwa moyo. Mama yake amenyimwa.

"Ni kile kifungo, Mama Natalia. Ulisema ukweli, nao wamekataa. Lakini baba yake anaweza kwenda, polisi wakithibitisha kwamba hana kosa."

Otilia aliikumbuka siku ile. Mwaka themanini na tatu, katika msako wa wahujumu uchumi waliokuwa wakificha bidhaa, magunia ya sukari yalikutwa chini ya kitanda chao kule Mutuka. Sukari ilikuwa ya Severine, mumewe, mwalimu wa shule ya msingi. Ila askari walipouliza ni ya nani, Otilia alitangulia kusema, "Yangu." Mwalimu akifungwa, kazi imekwenda, watoto wangekula nini? Akafungwa yeye.

Kesho yake baada ya jibu la ubalozi, Otilia na mumewe waliingia kituo cha polisi. Sajini Marcelino, yule yule aliyemkamata Otilia, alimkazia macho Severine.

"Mwalimu, una kosa lolote?"

"Sijawahi kuhukumiwa," alisema Severine.

"Sikuuliza hukumu. Ile sukari, ulijua habari zake?"

Jasho lilimchuruzika Severine hadi kidevuni. Akafungua mdomo. Otilia aliona kwamba anataka kusema. Tangu atoke gerezani alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Leo yangemuua mtoto.

"Afande," alidakia, "kesi ile iliamuliwa, na kifungo nilikimaliza. Mtoto midomo imeshakuwa ya bluu. Unataka kumfunga nani tena?"

Marcelino aliinamia karatasi zake. Nje lori lilipita likielekea Bonga. Hatimaye akavuta muhuri, akagonga.

Barabarani Severine alilia. "Niache nirudi nikaseme."

"Mpeleke mtoto kwanza. Deni lako usililipe kwa roho ya Natalia."

Natalia alipasuliwa, akapona. Walirudi mvua za vuli zikinyemelea, mtoto amenenepa, akamkimbilia mama yake bila kuhema. Severine aliweka mizigo chini, akanywa maji, akasimama tena.

"Nakwenda kituoni, Mama Natalia."

Otilia, mtoto kifuani, alimtazama. Hakumzuia. Alimwambia tu achukue koti, mawingu yameshuka.