Adesi Zinazoitwa Choroko

Mke wa mwanangu ananidanganya kila siku saa ya chakula cha mchana, nami namwomba Gopal, mungu wangu wa kwenye kabati la sala, asije akaacha. Jina lake Sutapa. Ana macho makubwa ya mtu asiyejua kusema uongo, na ndiyo maana uongo wake ni mtamu hivi: unamtoa jasho. Ananiwekea bakuli mbele, anarudi nyuma kidogo, anasema, "Choroko, Mama," halafu anatazama dari.

Siyo choroko. Ni adesi. Adesi zile nyekundu, ambazo mjane wa Kibengali kama mimi hatakiwi hata kuzinusa.

Asiyejua mambo yetu nimweleze haraka. Mume akifa, mwanamke wa nyumba kama yetu anaacha samaki, nyama, mayai, vitunguu na saumu. Haya, wanasema vinachemsha mwili, tusibishane. Lakini pamoja na samaki wakaweka na adesi! Choroko ruhusa, dengu ruhusa, mbaazi ruhusa, adesi marufuku. Eti zimo kundi moja na nyama, eti zina damu. Kitu kilichoota ndani ya ganda, hakina mguu wala jicho! Aliyekaa akalipitisha jambo hili simjui, lakini nina hakika alikuwa mwanamume, na mkewe alimtangulia kufa.

Mume wangu alipofariki, samaki niliwaacha bila kugeuka nyuma. Adesi nilizililia. Asubuhi nilimlilia yeye, mchana nikalilia adesi, nisiwe mwongo. Zile za kuungwa kwa habasoda na pilipili mbichi, na viazi vya kukaanga pembeni, jamani! Miaka yote hiyo nikipita mbele ya duka la nafaka pale sokoni Ranaghat nilikuwa nageuza shingo, kama niliyekutana na mwanamume aliyewahi kunichumbia.

Mambo yalianza wakati wa mvua, nilipokuwa nikipanda ngazi za paa huku nimeshika ukuta kama mlevi. Mwanangu Prodyut akanipeleka kwa Daktari Samaddar. Daktari akanivuta kope ya chini, akaguna.

"Mama, humu ndani hamna damu. Unakula nini?"

"Wali. Mboga. Choroko nikijisikia."

"Ukijisikia?" Akaweka kalamu chini. "Nyama huli, samaki huli. Protini utaipata wapi, hewani? Kwa mtu kama wewe kunde na dengu na ndugu zao ndiyo nyama yenyewe. Kula dengu."

"Dengu zinanijaza upepo. Nyumba nzima inajua."

Prodyut akajifanya anasoma bango la ukutani.

"Mbaazi, basi."

"Zinanipa kiungulia."

"Basi adesi! Zinaiva upesi, laini, hazigombani na tumbo. Zina madini ya chuma kuliko hizo choroko zako, zina protini, zina vitamini za kutengenezea damu. Kamulia ndimu juu yake ili hicho chuma kiingie mwilini vizuri. Bakuli moja kila siku, uone."

"Daktari," nikamwambia, "mimi mjane. Ukimaliza hapo utaniandikia na kichwa cha samaki?"

Akaniandikia vidonge. Vidonge vyenyewe vilinifunga choo mpaka nikavichukia. Lakini Sutapa alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wangu, na maneno yote aliyasikia.

Wiki haikuisha, bakuli la kwanza likaja. Adesi zikiiva hazibaki nyekundu, zinageuka manjano, na kwa macho tu utaapa ni choroko zilizokobolewa. Hapo ndipo Sutapa alipotia matumaini yake. Akaziunga kama choroko hasa, kwa tangawizi, jira na samli. Tena mtoto yule ana akili! Ili nyumba inukie choroko, kila asubuhi anakaanga konzi moja ya choroko kavu, harufu inatambaa mpaka kitandani kwangu, halafu anazimwaga nyuma ya nyumba. Kwezi wa ukutani kwetu wamenenepa hadi wanaruka kwa taabu.

Macho yatadanganyika, na pua pia. Lakini ulimi huu? Nilitia tonge mdomoni, nusura nisimame nicheze. Niliwaza kama niteme. Niliwaza kwa muda wa kutosha kumeza.

"Choroko nzuri," nikasema.

"Za duka jipya, Mama," akasema Sutapa, akaitazama dari.

Hesabu yangu ni nyepesi. Nikijua, nimeharibu ujane wangu. Nisipojua, nimekula choroko. Na nani wa kuthibitisha kwamba najua? Mimi bibi kizee, masikio mabovu, magoti mabovu, mbona ulimi nao usiwe mbovu? Sharti ni moja tu: lisisemwe. Siku Sutapa atakapolitamka mbele yangu, siku hiyo hiyo itabidi nipige kelele, niitiwe kuhani, ninyweshwe mkojo wa ng'ombe nitakasike, na bakuli langu liondoke moja kwa moja. Naye jina lake litaenea mtaa mzima: yule aliyemnajisi mama mkwe. Kwa hiyo tulikaa hivyo, yeye akinificha, mimi nikimfichia kwamba nimeona. Na damu ikarudi! Kufika majira ya baridi nilimkimbiza tumbili aliyeniibia boga, nikamfuata kwa ufagio kutoka paa letu hadi paa la jirani, na watu wa chini wakapiga makofi.

Ndipo tukaletewa habari kwamba Wifi Bindu anakuja kukaa nasi mwezi wa Poush, katikati ya baridi, ale mikate ya sukari ya mtende.

Wifi Bindu ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mjane mwenzangu, anaishi Nabadwip karibu na mahekalu. Mimi ujane naubeba. Yeye anauvaa kama cheo. Na ana pua! Aliwahi kusimama mlangoni kwenye nyumba ya harusi akasema kitunguu kilikatwa humu jana, na kweli kilikatwa. Maisha yangu yote nimemwogopa mwanamke yule.

Niliyemwogopa zaidi, hata hivyo, ni Sutapa, maana dhamiri ilianza kumtafuna. Siku ile ile akanijia, kitambaa cha jikoni amekisokota mikononi.

"Mama, nina jambo nataka kukuambia."

"Maziwa yanafurika!" nikapiga ukelele.

Maziwa hayakuwa hata jikoni. Kesho yake akanifuata kwenye sala. "Mama, lile jambo..." Nikapandisha sauti: "Hare Krishna! Hare Krishna!" mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Jioni akaja na mafuta ya kunisugua miguu. Mtu akikushika miguu hutoroki. Nikakoroma.

"Mama, najua hujalala."

Nikakoroma kwa nguvu zaidi. Akacheka bila kutaka, akaenda zake.

Wifi Bindu akafika na sufuria yake, maji yake ya Ganges na mdomo wake. "Umenenepa," ndiyo salamu aliyonipa.

"Hewa ya baridi, Dada."

"Hewa haina mafuta, wifi." Akamgeukia Sutapa, aliyekuwa ameinama kugusa miguu yake. "Wewe ndiye unayepika? Choroko nitakuwa nachambua mwenyewe. Wake wa siku hizi mnapika mawe."

Sutapa akaingia jikoni. Adesi akazificha chini ya unga, akapika choroko za kweli. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili niliona wali ni mchanga. Siku ya tatu Wifi Bindu akalamba kijiko cha sukari ya mtende akasema anaona vema abaki mpaka sikukuu ya rangi. Sikukuu ya rangi! Baridi yote, na nusu ya majira ya maua! Nikapanda paa kuanika nguo, nikahema. Najua siku chache hazikaushi damu ya mtu, lakini nilijiona nimerudi kule kwenye kushika kuta, na nilikasirika kama mtoto aliyenyang'anywa embe.

Nikamwendea Sutapa jikoni, Wifi akiwa bado anaoga.

"Mwanangu, hizi choroko za juzi na jana, mbona sizo?"

Akatoa macho. "Sizo vipi, Mama?"

"Hazina ladha. Dada wa mume wangu amekuja nyumbani kwangu, unamlisha maji ya manjano. Leo mpikie zile za siku zote."

"Zile... za siku zote?"

"Zile zile."

"Mama, zile ni..."

"Choroko!" nikasema. "Unapenda maneno wewe. Pika."

Akaniangalia. Nikaitazama dari. Na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtoto huyu si mjinga hata chembe: mdomo ulimcheza, kisha woga ukamfunika uso tena. "Na Shangazi akijua?" akanong'ona.

Nikatoka zangu. Tamaa ilishanikata akili.

Wifi Bindu akakaa juani na ungo, akachambua choroko moja moja, akitoa vijiwe na kuvionyesha kama ushahidi mahakamani. Akamkabidhi Sutapa. Sutapa akaingia na ungo ndani, na mimi nikakaa nikisikiliza kikaango. Kwezi siku hiyo walishiba sana.

Prodyut alikuwa kazini, tukakaa wajane wawili kwenye mikeka yetu. Wali ukaja, mchicha ukaja, mabakuli yakaja. Sutapa alisimama kwenye nguzo akaikumbatia. Mimi bakuli langu sikuligusa. Wifi Bindu akamwagia wali wake, akafinyanga, akatia mdomoni.

Akaacha kutafuna.

Pua ikapanuka. Akafumba macho. Ee Gopal, nikasema moyoni, nimemponza mtoto wa watu kwa ajili ya tumbo langu. Nikaona mtaa mzima unamnyooshea kidole, nikamwona Prodyut ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza miezi yote hiyo nikaona aibu ya kweli.

"Sutapa," akaita Wifi.

"Naam, Shangazi."

"Hizi ni nini?"

Nikapiga teke bilauri ya maji. Ikaviringika sakafuni kwa kishindo, maji yakanilowesha. "Wewe tulia," akaniambia bila hata kunitazama. Macho alikuwa ameshayafungua, na yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama yangu alikuwa anapika hizi kwenye chungu cha udongo," akasema. "Alikuwa ananiwekea mimi ukoko wa chini. Ndugu zangu wakigombana naye, anasema wao wanaume, wana maisha marefu ya kula." Akajifuta pua kwa mkono wa kushoto. "Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na minne."

Umri huo kila mtu katika ukoo wetu anaujua. Ndio aliokuwa nao alipofiwa na mume, wakamvunja bangili mikononi kama mjane. Mume mwenyewe alikuwa hajazoea hata kumwangalia usoni. Mimi nilikula adesi mpaka nikawa na mvi, nikazililia, nikaziiba, nikafanya mzaha. Yeye aliacha kabla hajajua kuvaa sari bila kusaidiwa, na hakuna aliyemwona akigeuza shingo mbele ya duka.

Sutapa alikuwa analia waziwazi. "Shangazi, nisamehe. Kosa ni langu peke yangu. Hizi si..."

"Choroko," akasema Wifi Bindu.

"Hapana, Shangazi, mimi..."

"Nimezichambua mwenyewe, juani, kwa mikono hii. Nani katika nyumba hii atasema Bindu hajui choroko?"

Akafinyanga tonge jingine.

"Basi usinililie hapo kama bomba lililopasuka. Lete sufuria. Na ndimu, unakamua kwa uchoyo gani huo?"

Sutapa akakimbia, akarudi, akamimina huku anacheka na kulia kwa pamoja, akamwaga nyingine sakafuni. Wifi alikula bila kuinua kichwa, mashavu yamelowa, tonge juu ya tonge, mwanamke mwembamba kama ufito, sijui alikuwa anaziweka wapi. Sufuria ikalia tupu. Akafuta sahani kwa kidole, akakilamba, akafuta tena mahali pale pale.

Nikamsogezea bakuli langu, lililojaa vilevile kama lilivyoletwa.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi leo sina njaa, Dada."

Akanitazama, akalitazama bakuli, akanitazama tena.

"Mwongo," akasema, akalivuta kwake.