Jibu la Shairi Lisilosomwa

Ijumaa mchana Sayi alikaa mbele ya kompyuta ya kituo cha redio jijini Mbeya, amevaa vipokea sauti vya masikioni visivyotoa sauti yoyote. Alivivaa ili watu wasimsemeshe. Kwenye kioo herufi zilishuka mstari kwa mstari, na katikati ya takataka za mtandao likajitokeza shairi.

Lilikuwa likitoka Iringa. Huko Mlandege, kwenye ofisi ndogo ya redio hiyo, Bibie alikuwa amekaa akichapa ubeti wake wa kipindi cha kesho cha malumbano ya mashairi. Bibie alikuwa muuza vitenge, na ulimi wake ulijulikana kuliko duka lake. Programu ya redio iliuchukua ubeti wake na kuupeleka kwenye seva ya Mbeya, ndani ya kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu la kompyuta, ambayo nywila yake alikuwa nayo mtu mmoja tu, mtangazaji Devota, ili aukague kama hauna matusi mazito. Sayi ndiye aliyekuwa fundi wa mtandao wa kituo, lakini Devota alimnyima nywila hiyo makusudi.

"Wewe ni mshindani, mdogo wangu," alimwambia. "Fundi namwamini. Mshairi simwamini."

Sayi hakuhitaji nywila. Maneno yalisafiri wazi kutoka Iringa hadi kwenye seva, na yeye aliyeshika kifaa cha mtandao aliweza kuyasoma yakipita.

Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Devota alimpa kazi ya kuweka usimbaji, yaani kuyafunga mawasiliano ya Iringa na seva ili yanayopita njiani yasisomeke na mtu mwingine. Sayi akawasha programu ya kukagua mtandao aone hali ilivyo kabla hajaanza. Akaona shairi. Angeweza kuizima. Hakuizima. Jumamosi yake akamjibu Bibie kwa ufasaha uliofanya simu za wasikilizaji zigongane.

Tangu hapo, usimbaji ukawa haukamiliki.

"Ile kazi imefika wapi?" Devota aliuliza siku hiyo, akipita na kikombe cha chai.

"Cheti cha kuitambulisha seva kinasumbua, dada. Nikikiweka, Iringa wanakataliwa."

"Kila juma cheti, cheti. Kina kisirani kama mke mwenza?"

"Teknolojia, dada."

"Haya, teknolojia."

Masharti ya kipindi yalikuwa magumu, na ndiyo maana kilipendwa. Bibie alisoma ubeti wake kwa simu kutoka Iringa. Ukapigwa wimbo mmoja. Wimbo ukiisha, Sayi, ambaye hewani aliitwa Radi ya Usangu, alitakiwa kujibu papo kwa papo, vina vile vile, mizani ile ile, bila karatasi. Bibie alikuwa na babu wa pwani, na hakuacha kumkumbusha. Sayi alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma. Kiswahili alikikuta shuleni, na mizani alijifunza mwenyewe kwa kukunja vidole akiwa nyuma ya ng'ombe. Hakukuwa na mtu wa kumwambia amekosea wapi. Jina la Radi ya Usangu ndilo kitu pekee maishani mwake ambacho hakupewa na mtu. Kila Jumamosi baba yake, mzee Yakobo, aliweka redio juu ya kigoda uani, na majirani wakaja kumsikiliza kijana wake akiwatoa jasho wenye lugha.

Sasa alisoma kilichokuwa kwenye kioo:

Mtoto wa wafugaji, rudi kwenu malishoni,
Nani kakupa kipaji, mluzi wa machungani?
Hata ukioga maji, samadi i miguuni,
Tungo hazina mkia, ukazivuta zizini.

Masikio yakamwaka moto. Utani aliuzoea, lakini samadi? Alitoka nje, akazunguka uwanja wa redio, na alipofika tena mlangoni alikuwa na mstari wa kwanza. Jioni jibu lote lilikuwa kichwani, na alilisema na kulirudia mpaka likawa kama sala.

Jumamosi Devota alifungua kipindi, akamsalimia Bibie, akamkaribisha.

"Ahsante, dada," sauti ya Bibie ikaja kwenye spika. "Leo sina ugomvi na mtu."

Akasoma:

Nakusifu, mtungaji, umetukosha nyoyoni,
Mungu kakupa kipaji, hukukipata shuleni,
Ukipita huu mji, karibu kwetu nyumbani,
Tumetaniana sana, leo tukae amani.

Devota aliinua macho kwa mshangao. Kisha akatabasamu, akaweka wimbo.

Sayi alibaki ameshika ukingo wa meza. Vina vilikuwa vile vile, ila shairi lilikuwa jingine. Akatafuta neno la shukrani linaloishia na vina vile. Shukrani. Shukrani nini? Zamani, kabla ya ile programu, maneno yalimjia kabla hajayaita, yakisukumana kama ndama wanaofunguliwa. Sasa aliita na hakuna kilichokuja. Kila alipofumbua mdomo kujaribu, yalitoka yale ya jana. Wimbo ukawa unaisha. Akajiambia kwamba vina vinalingana, watu watashangilia vina, nani atauliza? Taa nyekundu ikawaka.

Mimi huyu mfugaji, nakujibu hadharani,
Samadi yangu mtaji, hurutubisha shambani,
Mluzi wangu kipaji, umekuchoma moyoni,
Mkia nimeushika, tungo ziko mkononi.

Alimaliza kwa kishindo, kama kawaida yake. Hakuna aliyecheka. Devota alikuwa amemkazia macho.

"Mwanangu," Bibie alisema polepole, "samadi imetoka wapi?"

Sayi alitazama taa nyekundu.

"Mimi nimekukaribisha nyumbani kwangu. Nani kakutajia mkia?"

"Mama Bibie," Devota alianza, "labda tuende kwenye tangazo..."

"Usiende popote, dada. Hilo la samadi na mkia nililiandika jana hapa ofisini, likaja huko kwenu. Sijalisoma kwa mtu, hata kwa mume wangu. Juma lililopita niliandika kitenge, hewani nikabadili nikasema khanga. Radi akanijibu kuhusu kitenge. Nikasema nimezeeka, sikusikia vizuri. Basi leo nimejaribu. Sasa nauliza, na Mungu anisamehe: nywila ya mashairi si unayo wewe peke yako?"

Simu zikaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa Ambrosi wa Mbalizi, mtu wa kila kipindi.

"Dada Devota, tulikuheshimu. Kumbe kijana unamlisha?"

Akafuata Faustina wa Ilula. "Mimi niliwaambia wenzangu hapa sokoni kwenye nyanya! Nikasema mtu hawezi kuwa na akili ya haraka hivyo. Dada, umemuuza mama wa watu."

"Sijampa mtu kitu," Devota alisema kwenye maikrofoni. Sauti yake ilitetemeka, naye alikuwa mtu ambaye sauti ndiyo kazi yake. "Sijui imekuwaje. Wallahi sijui."

Sayi aliona kwamba kama angenyamaza, angeponyoka. Watu walikuwa wameshapata mkosaji. Angeweza kuinamisha kichwa, ikaonekana ameponzwa na dada mwenye huruma. Jina lingechubuka tu, lisingekufa. Alikaa na wazo hilo simu moja nzima, na Devota akatukanwa simu hiyo nzima. Baadaye hicho ndicho kilichomsumbua kuliko kingine chochote.

Akasogeza maikrofoni.

"Dada Devota hajui chochote," alisema. "Nimeyasoma mwenyewe njiani, yakitoka Iringa. Mimi ndiye fundi. Niliambiwa niifunge hiyo njia nikawa nadanganya kwamba cheti kinasumbua. Cheti hakikuwa na tatizo. Majibu yote mliyoyasikia mwezi huu, nilikuwa nimeyaandaa."

Alitaka kuongeza kwamba yale ya kabla yake yalikuwa ya kweli, kwamba yale alijibu kwa kichwa chake. Akaona midomo ikikataa. Nani angeamini? Devota akaweka wimbo bila kuutangaza.

Simu ya baba yake iliita akiwa kwenye ngazi za nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimezima redio. Nimewaambia jirani zetu betri imeisha."

"Walikuwa wameshasikia, baba?"

"Walisikia yote. Wakasema, kweli, betri za siku hizi haziko imara. Wakaaga."

Sayi alikaa chini kwenye saruji. Baba yake hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa mnunuzi wa ng'ombe.

"Ukimaliza kazi za watu, uje," mzee alisema, akakata.

Devota hakumfukuza, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Jumatatu alimwambia neno moja tu: "Funga." Sayi akatengeneza ufunguo wa seva na cheti chake. Alipoiwasha, kanzidata ikakataa kuanza. Ilisema faili la ufunguo linasomeka na kila mtumiaji wa kompyuta ile. Kosa la mwanafunzi. Akalifungia, akawasha tena, kisha akaiamuru seva ikatae mtu yeyote anayekuja kwa njia ya wazi. Ikabaki upande wa Iringa, ambako ilibidi mtu ahakikishe kwamba cheti kilichofika ndicho cha kweli na si cha mdanganyifu aliyejiweka katikati. Mtu aliyekuwepo ofisini huko alikuwa Bibie, na Sayi akampigia simu.

"Shikamoo, mama. Kwenye kioo kuna mstari wa herufi na tarakimu, ndio alama ya cheti. Naomba unisomee."

"Nikusomee? Mbona wewe huwa unajisomea?"

Devota alikuwa amesimama mlangoni, akisikia. Bibie akakohoa, kisha akaanza kusoma, moja moja, na Sayi akafuatisha kwa kidole kwenye kioo chake hadi mwisho. Zililingana.

"Sasa andika chochote, mama, tujaribu."

Akasikia akichapa. Kwenye kioo cha Sayi, ile programu ya kukagua ilionyesha vurugu tupu, alama zisizo na kichwa wala miguu. Devota alirudi ofisini kwake, akafungua kanzidata, akasoma. Kisha akaigeuza kompyuta yake ikaangalia ukuta.

"Ujumbe umefika," alisema.

"Umefika, mama," Sayi alimwambia Bibie.

"Na wewe umeusoma?"

"Hapana, mama. Sijausoma. Hausomeki tena."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu akikunja kitambaa, au akivaa viatu. Sayi alishika simu kwa mikono miwili, akisubiri aambiwe kwamba ameaminiwa, na hakuwa na kitu chochote cha kumwonyesha kwamba anasema kweli.