Kabureta Tatu Zimelingana

Kaka yangu ni mwalimu mkuu, kwa hiyo hakuna asichokijua. Fundi wa boti alipomwambia kwamba kabureta tatu za injini yake hazivuti hewa sawasawa, na kwamba kuzilinganisha kunataka mkono uliozoea, kaka alicheka. Akaazima kwa fundi huyohuyo geji tatu za kupimia mvuto wa hewa, akachomeka moja kwa kila kabureta, kisha akanipa mimi, mdogo wake, kazi ya heshima: kushika mpira wa maji ili injini isichemke palepale uani.

"Mishale yote mitatu isome sawa, basi," alisema. "Hesabu ya darasa la pili."

Wifi yangu alikuwa ameshapanda botini, juu ya trela, amevaa jaketi okozi, kapu la chakula mapajani. Tangu asubuhi alikuwa akiambiwa ni dakika tano tu.

Kaka alikaza skrubu ya kabureta ya kwanza, injini ikakohoa. Akalegeza ya pili, ikatapika moshi. Nikamwambia amwite fundi, akaniambia nishike mpira. Akazikaza zote tatu kwa hasira; injini ikapiga kwikwi mbili, ikanyamaza.

Akainamia geji. Uso ukamng'aa.

"Zimelingana! Njooni muone!"

Kweli kabisa. Injini iliyozimika haivuti hewa, na mishale yote mitatu ilikuwa imelala kwenye sifuri.

Wifi alifungua vifungo vya jaketi, kimoja kimoja.

"Hongera, mume wangu," alisema. "Hata makaburini mapigo ya moyo yanalingana."